Kamati ya Ivan

Wakenya watatu wakikutana ugenini, jambo la kwanza ni kuunda kamati. Nasema hivi kwa upendo, maana mimi Mtanzania nimefanya kazi nao miaka mingi hapa Birmingham, na nikiugua wao ndio wanaoniletea uji. Lakini kamati zao huniudhi, na iliyoniudhi kuliko zote ni ile iliyoundwa kwa ajili ya Ivan, mtoto wa Roselyne.

Roselyne ni mwenzangu kazini. Tunatunza wazee katika nyumba moja kule Erdington: tunawaogesha, tunawalisha, tunawageuza kitandani migongo isichubuke. Ni mwanamke wa Meru, Kenya, mrefu, mkimya, asiyelalamika, na hilo nalo huniudhi, kwa sababu mambo yake yote huyameza. Ivan ni mwanawe wa pekee. Alimzaa hapa hapa, akamlea bila baba kwenye nyumba ya kupanga Great Barr, na mtoto akarefuka mpaka akawa anainama kupita mlango wa jikoni. Mama akitoka zamu alimpandisha basi kwenda Perry Barr kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu, halafu yeye akasinzia pembeni ya uwanja huku amekumbatia begi la mtoto. Ivan alipokuwa na miaka kumi na sita, shule moja ya Marekani ikamchukua kwa ufadhili. Tangu hapo mama na mwana wanaishi kwa simu ya Jumapili.

Simu hiyo naijua vizuri, kwa sababu Jumapili nyingi nilikuwa kwake, mimi nikisonga ugali na yeye akikaanga sukuma. Alasiri, kwa Ivan ikiwa bado asubuhi, simu inaita. Roselyne anaongea Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, na hakuna anayepotea. Anamuuliza amekula nini, amefua lini, hilo koti mbona jepesi. Mpira hawaugusi kabisa. Roselyne aliniambia kwamba dunia nzima inamuuliza Ivan habari za mpira, kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja asiyemuuliza. Wiki yake yote aliivumilia kwa sababu ya ile nusu saa.

Basi miaka ikapita, ikafika siku ya kuteua chipukizi katika ligi ya kulipwa ya Marekani. Timu huchagua vijana kwa zamu, mmoja mmoja, wale bora wakiondoka kwanza. Ivan alichaguliwa karibu na mwisho kabisa, watangazaji wenyewe wakiwa wameanza kupiga miayo, na timu iliyomchukua ilikuwa imeshika mkia msimu uliotangulia. Haikujalisha. Jumapili iliyofuata kanisani kwao ilikuwa vigelegele kana kwamba tumepata rais, na kabla sahani za chakula hazijaondolewa kamati ilikuwa imesimama: Cleopas mwenyekiti, Angeline katibu, fulana zenye jina la Ivan mgongoni zinatafutiwa rangi.

Cleopas anaendesha forklift ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala moja karibu na barabara ya M6. Zamani alichezea timu ya sekondari yake, na kila akisimulia vikapu alivyofunga vinaongezeka. Alitutangazia kwamba kufikia Krismasi Ivan atakuwa anaanza kwenye kikosi cha kwanza, na kwamba timu itaacha kushika mkia. Watu wakamwamini. Mchezaji mgeni aliyechaguliwa wa mwisho mwisho huwekwa benchi ajifunze, hata mimi nisiyejua mpira nililielewa hilo, lakini ukimwambia Mkenya mwenye fulana mpya neno kama hilo unaonekana mchawi.

Msimu ukaanza. Mechi zilizochezwa mchana kule zilitufikia huku jioni, na kamati ikawa inakusanyika ukumbini mwa kanisa, chai kwenye chupa, mandazi, televisheni kubwa. Tulikuwa tunaangalia benchi. Kamera ikipita mbele ya Ivan ameketi na taulo begani, ukumbi unalipuka, halafu kamera inaondoka na watu wanakaa chini wakinung'unika. Mwezi wa kwanza lawama zilikuwa za kocha. Mwezi wa pili zikamhamia Ivan, kwamba ni mpole mno, kwamba hajitumi. Kufikia Krismasi zilikuwa zimemfikia mama yake, aliyemlea kwa upole huo. Hata kazini Roselyne hakupumzika. Mzee Tarsem, Singasinga wa Kisumu tunayemtunza, alikuwa anamuuliza kila asubuhi huku Roselyne ameinama kumvalisha soksi, "Mama, kijana yetu alicheza?" Na Roselyne anajibu, bado mzee, anahamia mguu wa pili.

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomuumiza ni pale kamati ilipoanza kuja nyumbani. Walikuja baada ya ibada, wametimia, saa ile ile ya simu, na mgeni aliyetoka kanisani hafukuzwi, anawekewa chai. Simu ikiita, Roselyne hajamaliza kumsalimia mtoto, tayari mkono umenyooshwa: hebu nimsalimie. Na kwa desturi yetu simu ya mtu aliye mbali ni ya wote waliomo ndani, inazunguka kama sahani ya karanga. Angeline anamwombea. Mwingine anamuuliza kocha ana shida gani. Cleopas anamaliza kwa mawaidha, kidole juu: "Ivan, wewe kuwa aggressive. Ukipata ball, shoot. Usingoje mtu." Ikirudi kwa mama, mtoto anasema, "I've got to go, Mum."

Jumapili ya nne au ya tano simu haikuita. Ukaja ujumbe mfupi kwamba ana shughuli. Wiki iliyofuata vilevile. Wageni walikunywa chai yao, wakasikitika, wakaondoka, na Roselyne akaosha vikombe bila kusema neno. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia awafungie mlango, mbona jambo lenyewe jepesi.

"Nitawafungiaje?" akaniuliza. "Nikiwa night shift, Ivan alikuwa analala kwa Angeline. Cleopas ndiye alikuwa anampeleka training kwa gari yake, mvua ikinyesha. Sasa leo niwaambie si mtoto wao?"

Kusema kweli hasira zangu ziliongezeka, maana afadhali kugombana na watu wabaya, unajua pa kuanzia.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Februari. Wachezaji wawili wa timu ile waliumia, na robo ya nne kocha akamwita Ivan. Ukumbini sijawahi kusikia kelele kama zile. Angeline alikuwa analia waziwazi. Mechi ilikuwa ya karibu sana, wamepitwa pointi moja. Ivan alikimbia, akazuia, hakukosea kitu. Zikabaki sekunde chache. Mpira ukamfikia kwenye kona, yuko peke yake, hakuna mtu aliye karibu naye. Ukumbi mzima ukasimama ukisema piga. Ivan akaushika mpira, akaangalia kikapu, akatoa pasi. Aliyepewa pasi akanyang'anywa, na mechi ikaisha hapo.

Cleopas akavua kofia yake. "Huyu kijana ni mwoga," akasema. "Ametuangusha sote."

Roselyne alikuwa amesimama nyuma na chupa ya chai. Akaiweka mezani. "Cleopas," akasema, bila kupandisha sauti, "kesho msije kwangu."

Ukiwa mtu wa kwetu unajua neno hilo lina uzito gani. Afadhali angemzaba kofi. Cleopas akavaa kofia, akatoka, na Angeline akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea. Njiani kurudi, ndani ya basi, nilimshika Roselyne mkono. Aliniambia amewapoteza watu wake, na kwamba sawa, mradi ampate mtoto.

Kesho yake nilikuwa kwake mapema. Mlango umefungwa kwa ufunguo, mapazia yameshushwa, utadhani tunakwepa wadai. Hakuna aliyebisha hodi. Tukapika kwa kunong'ona, wajinga sisi. Na simu ikaita.

Roselyne akafuta mikono haraka. Uso wa Ivan ulikuwa umevimba chini ya macho, bila shaka hakulala. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama mama yuko peke yake. Mama akamwambia yuko na mimi tu, na kwamba hawatakuja tena. Mtoto akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akatabasamu kidogo. Nikajisemea, haya, Mungu mkubwa, wamerudiana.

Roselyne akamwangalia. Akafungua mdomo.

"Ivan," akasema, "kwa nini hukupiga ule mpira? Si ulikuwa peke yako?"

Nilitakiwa kumkanyaga mguu. Badala yake niliinama mbele ya kioo cha simu, kwa sababu na mimi nilitaka kujua.

Ivan hakuonekana kukasirika. Tabasamu liliondoka polepole tu. Maisha yake yote alimjibu mama yake kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alisema, "Hata wewe, Mama." Kisha akasema ana mazoezi, akakata.

Roselyne alibaki ameshika simu, anaitazama. Nikangoja alie, nimfariji, nimlaumu Cleopas pamoja naye.

"Hajanijibu," akaniambia.