Nilikataa Kufupisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilitangaza mbele ya mahakama nzima kwamba nilikuwa ninamnyonyesha mtoto polisi walipovunja mlango. Watu waliangua kicheko hadi askari wa zamu akapiga sakafu kwa buti. Mimi, kijana mwenye ndevu changa na tai ya kuazima, nilitamani ardhi inimeze.

Maneno hayo yalikuwa ya mama mmoja aliyeshtakiwa kwa kupika chang'aa, pombe haramu. Yeye aliyasema kwa Kiluhya, mimi nikayasema kwa Kiingereza, kwa sababu hakimu alikuwa mgeni na hakujua hata salamu ya kwetu Kakamega. Hiyo ndiyo kazi ya mkalimani wa mahakama. Na mkalimani hasemi "huyu mama anasema kwamba." Anasema "mimi." Anakuwa yule anayesema.

Wakati wa chai Karani Mkuu, msimamizi wa ofisi yetu, aliniita.

"Uliona haya?"

"Sana, mzee."

"Haya hiyo si yako. Ukisimama pale, kinywa umekikodisha. Akitukana, tukana. Akiomba, omba. Usiongeze, usipunguze. Siku utakayopunguza, rudi kwenu ukakate miwa."

Alinifundisha pia kungoja kalamu. Miaka ile hakimu aliandika kesi yote kwa mkono wake. Mkalimani alisema kipande, akatazama kalamu, ikisimama akaendelea. Jambo lisiloandikwa lilihesabiwa kuwa halikusemwa, kwa sababu jaji wa rufaa angesoma karatasi tu. Asingesikia sauti ya mtu.

Nililichukua somo hilo nikalifanya sheria ya maisha yangu. Sikupunguza maneno ya mtu mahakamani, kanisani wala nyumbani. Hata watu wa ukoo wangu waliacha kunipeleka kwenye mazungumzo ya mahari. Walisema mimi nitaharibu ndoa za watu.

Katikati ya miaka ya tisini tuliletewa Hakimu Mkazi mpya, mtu nadhifu, mwenye haraka ya kudumu. Wazee wetu hawajibu swali kwa kulirukia. Huanza mbali, kwenye mvua ya mwaka ule na ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, kisha wanafika. Jambo hilo lilimtesa.

"Mkalimani, nimemuuliza mzee huyu alikuwa wapi Jumanne."

"Anakuja, Mheshimiwa."

"Anakuja kutoka wapi? Nipe kiini tu. Fupisha."

Sikufupisha. Alianza kunitazama kama kijiwe ndani ya kiatu.

Ndipo ikaja kesi ya Mama Khasandi, mjane kutoka upande wa Mukumu. Alishtakiwa kwa kuingia katika shamba la mtu bila ruhusa na kupanda mahindi. Shamba la mtu! Mumewe alikuwa amezikwa humo, hatua chache kutoka jikoni mwake. Mlalamishi alikuwa shemeji yake, naibu wa chifu, aliyetaka mjane aondoke kwa kuwa alizaa wasichana watupu. Nikiandika haya damu inanichemka upya. Mwanamke anaburutwa kizimbani kwa kosa la kulima mahali alipoolewa, na watu wenye suti wanakaa na kulijadili kana kwamba ni swali la maana!

Siku ya kujitetea mahakama ilijaa. Mama Khasandi alisimama akiwa na leso yake nyeusi ya matanga, akasema polepole, nami nikasema naye. Alieleza jinsi alivyoolewa, jinsi alivyong'oa visiki vya shamba lile kwa mikono yake. Kalamu ilikimbia vizuri. Kisha akamgeukia hakimu mwenyewe.

"Na wewe unayeandika. Jumapili shemeji yangu alimchukua jogoo wangu, akasema ni fidia. Alimbana kwapani akapita naye barabarani mchana, watu wote wakiona, hadi mlangoni kwako. Alirudi mikono mitupu. Ulipokuwa ukimla, uliuliza ni wa nani?"

Waliojua Kiluhya walishaanza kunong'ona. Hakimu aliinua macho. "Anasema nini?"

Inspekta aliyeongoza mashtaka aliinama karibu na sikio langu. "Ndugu yangu, sema anaomba huruma. Basi. Wewe una watoto."

Kweli nilikuwa na watoto. Tulikuwa tukiishi katika nyumba ya serikali, na mke wangu alikuwa mjamzito. Niliwaona wote mbele yangu. Nikamwona pia Mama Khasandi, akitazama midomo yangu kama mtu anayetazama mtoto wake akivuka mto.

Nikasema yote, kwa Kiingereza safi, nikimtazama hakimu machoni. Jogoo wangu. Mlangoni kwako. Uliuliza ni wa nani?

Hakimu aliilaza kalamu mezani.

"Endelea."

"Nangoja kalamu, Mheshimiwa."

"Nimesema endelea!"

"Maneno ya mshtakiwa hayajaandikwa, Mheshimiwa."

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nafanya yangu."

Mama Khasandi aliniuliza kwa Kiluhya, kwa sauti ambayo hata waliokuwa dirishani waliisikia, "Umemwambia yote?"

"Yote, mama."

"Na jogoo?"

"Na jogoo."

Mahakama ililipuka kwa kicheko. Hakimu akasimama, akaahirisha kesi, akatoka akiwa ameacha kalamu palepale mezani.

Kabla mwezi haujaisha nilihamishwa kaskazini, nchi ya joto na ngamia, mahali ambapo sikujua lugha hata ya kuombea maji. Mkalimani asiyejua lugha! Walinipa stoo ya faili nipanguse vumbi. Karani Mkuu ndiye aliyenipasha habari baadaye: kesi ilimalizwa na mkalimani mwingine, kijana mtiifu. Utetezi wote wa Mama Khasandi ukawa kwamba mshtakiwa anaomba huruma. Akatiwa hatiani, akaamriwa asikanyage shamba lile tena. Mahindi aliyoyapanda yalivunwa na shemeji yake. Na hakimu akapandishwa cheo.

Nilipostaafu nikarudi Kakamega. Vijana wa kazi hii hunisikiliza kwa adabu, kisha hunishauri niache uchungu. Wanasema ningekuwa mwerevu kidogo, yule mama angebaki na shamba lake. Maneno hayo yalinikosesha amani kwa muda mrefu, hadi nilipomkuta Mama Khasandi sokoni, amezeeka, amekaa nyuma ya rundo la mboga za mrenda na saga. Nikachuchumaa, nikamuuliza waziwazi kama nilimponza.

Alicheka hadi akashika kiuno.

"Baba wee, shamba lilikuwa limeshaliwa kabla sijapanda kizimbani. Mume, walikuwa wameniachia kaburi tu. Mahindi, walikuwa wakingoja yakomae tu. Mimi nilikuwa nimebakiwa na maneno yangu." Akaacha kucheka. Akanitazama vile alivyonitazama siku ile. "Hayo nayo ungempa yule hakimu?"

Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, akageuka kumhudumia mteja, akaniacha hapo nimechuchumaa na hasira yangu yote, na kwa mara ya kwanza sikuona sababu ya kumwomba mtu yeyote anitulize.