Goti la Marit

Daktari wa meno akifungua kichupa cha mafuta ya karafuu, mimi sikumbuki meno. Nakumbuka goti. Lilikuwa la kushoto, jeupe, limevimba upande mmoja, limenyooshwa juu ya mto sebuleni kwetu Kingsbury, na mama yangu anaikunja mikono ya gauni tayari kulikanda.

Mwenye goti aliitwa Marit, msichana wa Norwei, mchezaji wa mpira wa mikono, mchezo wa ukumbini ambao magoli hufungwa kwa kurusha. Alikuwa ameumia kwao, akaja London kusoma Kiingereza huku akisubiri apone, na akapanga chumba chetu cha juu. Sisi wenyewe hatukuwa na miaka mitatu tangu tutoke Unguja. Baba, aliyewahi kuwa na duka la vitambaa, sasa alikata tiketi kwenye mabasi.

Mama hakutaka mpangaji. Baada ya wiki moja alikuwa akimkaripia Marit kwa kuacha chapati sahanini. Kila jioni alimkanda kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani, kisha mafuta ya karafuu. Hakuwa na Kiingereza, basi alimsemesha Kiswahili mfululizo, habari za bei ya bamia na visa vya dada zake, na Marit akiitikia kwa kichwa. Mimi nilikaa pembeni nikingoja wamalize, maana baadaye Marit alinifundisha kudaka machungwa kwa vidole vilivyotanuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na nilimpenda hasa.

Siku moja ikaja barua. Timu ya Ujerumani ilitaka kumwajiri acheze kwa mshahara, na kocha wao angekuja kuzungumza naye. Marit aliniambia kwamba nafasi hii ikimpita haitapatikana nyingine. Wakati huo alikuwa bado akishuka ngazi zetu ameketi, kidato kimoja kimoja.

Mama alipoambiwa kwamba mwanamume anatoka nchi nyingine kuja kumtazama msichana anayeishi kwetu, alijua la kufanya. Alikaanga sambusa, akatandika zulia zuri, akamvalisha baba koti. Ilikuwa posa tupu. Baba alimuuliza kocha binti atalala wapi, nani atampikia, na akiugua atapelekwa kwa nani. Maskini kocha alikuwa amejiandaa kuzungumzia magoli, lakini alijibu yote kwa adabu na kula sambusa sita. Mkalimani wa mama nilikuwa mimi.

Mwishowe baba akatoka kwenda zamu yake ya jioni, na kocha akauliza habari za goti. Marit akasema ni zima, macho yake kwenye sahani. Kocha akamgeukia mama, kwa kuwa alisikia ndiye aliyelitibu.

Kwetu katika posa kasoro ya binti haifichwi. Binamu yangu alikuwa na pumu, na wazee waliitaja mbele ya wakwe kabla ya kutaja mahari, na aliolewa vizuri tu. Mama akaweka kikombe chini.

"Mwambie huyu bwana goti halijapona," alisema. "Mtoto anashuka ngazi kwa kukaa. Kama anamtaka, amchukue akijua."

Wote wakanitazama. Nikamwambia kocha kwa Kiingereza kwamba mama anasema goti limepona kabisa.

Kocha akatabasamu. Mama akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Marit aliondoka baada ya wiki mbili. Alicheza mpaka majira ya baridi, kisha goti likakatika ndani. Alipasuliwa mara mbili na hakucheza tena. Baba alipotusomea kadi yake, mama alisikitika, lakini akasema angalau walimchukua wakijua, maana tuliwaambia. Nilikwenda chooni nikajifungia.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye Marit alikuja kututembelea. Alikuwa mwalimu wa watoto huko kwao na alichechemea kidogo. Mama alipokwenda kusali, nikamweleza yote niliyoyafanya. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye watoto wawili.

Akanijibu kwa Kiswahili, kile kile cha mama. "Nilimsikia mama, Shirini. Miezi minane mama ananisemesha, nisifahamu?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile.

"Nilikuwa nikiomba useme hivyo hivyo ulivyosema."

Nilimkasirikia, nakiri. Nilipokuwa mtoto niliamini nimempa zawadi, halafu kwa miaka yote ile nikaamini nimemvunja mguu kwa mdomo wangu. Kumbe pale zuliani alikuwepo mtu mzima aliyeujua ukweli wote, akaniachia mimi niuseme uongo wake. Nilikuwa bado natafuta neno la kumrushia Marit, mama aliporudi, akaketi kati yetu, akauliza tulikuwa tunazungumza nini.

Tukajibu kwa pamoja kwamba hakuna kitu.