Karani, Baisikeli na Mitungi Miwili

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja mjini Kitui, karani akafika kwa baisikeli, tai shingoni. Mama mmoja akaushika usukani.

"Kijana, mtungi ni pesa ngapi?"

"Mama, siuzi maji. Mimi ni karani. Nimeacha kupanda boda boda, hiyo nauli iwe karo ya msichana wangu."

"Na umekuja na baisikeli tupu, mji mzima mifereji imekauka? Ungebeba maji, hiyo karo ingetoka mbio!"

Foleni ikacheka. Mimi nilikasirika, nikataka kumtetea karani, lakini ukweli ni ukweli.

Ijumaa nilirudi. Karani alikuja na tai ileile, na mitungi miwili nyuma. Mama alinunua mmoja. Wa pili ulichukuliwa na bosi wa karani, ambaye huja kazini kwa gari na kila mwisho wa mwezi hulia mafuta yamepanda.