Ripoti Tuliyoisoma Uani

Miaka ya vita nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya hapa Kalemie, upande wa reli. Treni zilikuwa zimesimama, na wanaume waliozoea kazi ya stesheni walishinda wamekaa mbele ya nyumba zao. Wanawake ndio waliotoka kutafuta chakula. Walianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliuza mihogo, na wengine walipika lutuku, ile pombe kali inayochoma koo. Waliopika walionja, na walioonja wapo walioshindwa kuiacha.

Daktari mmoja mwanamke, aliyekuwa akifanya utafiti juu ya jambo hilo, aliniomba nizungumze na wanawake wenye kunywa. Alinipa madaftari na kuniambia, “Uliza, halafu unyamaze. Usiwafundishe kitu.” Jirani yangu, mke wa fundi wa reli, ndiye aliyenisaidia kuwapata. Alinizidi umri, nami nilimwita Mama. Alijua kila mlango. “Pita kwa yule anauza chumvi,” alikuwa akiniambia, huku akijimiminia kikombe kutoka kwenye termosi yake. “Lakini usimuulize mbele ya watoto.”

Daktari aliondoka na madaftari yangu. Baada ya miezi mingi ripoti ikafika kwa boti, imefungwa ndani ya plastiki, yote kwa Kifaransa. Mkubwa wetu wa kituo aliitia sahihi ya kupokea, akaiweka kabatini. Niliiazima nikaisoma kidogo kidogo nyumbani, nikifurahi kuona maneno ya wanawake wa mtaa wetu yamechapwa kwa mashine. Ukurasa mmoja ulinishtua. Ulisema kwamba mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akikatazwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Apunguziwe pombe taratibu, chini ya macho ya waganga wa hospitali, na asitiwe haya.

Wiki chache baadaye, asubuhi, binti wa Mama alikuja mbio kituoni.

“Mama anatetemeka! Anaongea na watu wenye hawako!”

Nilimkuta Papa, mume wake, amesimama mbele ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, na ndugu yake mkubwa pembeni. Hapo ndipo nilipojua kwamba ndani ya termosi hapakuwa na chai. Mwaka mzima, tangu wazike mtoto wao wa mwisho walipokuwa wakikimbia vita, Mama alikuwa akinywa, nami nikikaa naye kila siku bila kuona. Papa alipogundua, alimfungia ili aache. Siku ya tatu ilikuwa imeingia.

“Ndiyo majini hayo,” ndugu yake alisema. “Tuitie muombaji, amuombee.”

“Papa, fungua,” nikamwambia mume. “Huu ni ugonjwa, nimeusoma. Tukingoja, atatufia.”

Alitafuta ufunguo mfukoni, akafungua. Tulimkalisha Mama nyuma ya kinga, ile baiskeli ya Papa, mimi nikimshika upande mmoja na binti upande wa pili, tukaisukuma mpaka hospitali. Alijaa jasho. Njiani alikuwa akimwita mtoto wake aliyekufa, na Papa alikuwa akiitikia badala ya mtoto, “Niko hapa, Mama. Niko.”

Walimtundikia chupa ya serumu, wakampa dawa za kumtuliza. Siku ya tano alikunywa uji mwenyewe.

“Ulijua namna gani?” akaniuliza.

“Nilisoma katika ile ripoti ya daktari. Ile uliyonisaidia.”

Akageuza uso ukutani. “Mimi simo mule. Nilikupeleka kwa wote, nikajificha mimi.”

Nilimshika mguu juu ya shuka.

Aliporudi nyumbani, yeye ndiye aliyewaita wale wanawake. Walikaa uani kwake wakimenya mihogo, nami nikawa ninageuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Walicheka waliposikia maneno yao. Pale ripoti ilipozungumzia mtu kushindwa kuacha, nilisema “utumwa wa pombe.” Mama akaweka kisu chini.

“Hapana. Mimi si mutumwa wa mutu. Sema pombe imemushika. Mwenye ameshikwa anaweza kuachiliwa.”

Wengine wakaitikia, nikaandika hivyo pembeni mwa ukurasa. Muuza chumvi akasema niandike pia kwamba hawaji kituoni kwa sababu watu kwenye foleni huwacheka. Nililipeleka hilo kwa mkubwa wetu. Alinung’unika, lakini alitupatia chumba cha nyuma cha kuwapokea, asubuhi za Alhamisi.

Sitasema kwamba Mama aliponywa siku ile. Habari za mapigano zilipokaribia mji, alikunywa tena, akaja mwenyewe Alhamisi, kichwa chini, Papa akimfuata hatua chache nyuma na mwavuli. Halafu akakaa muda mrefu bila kunywa. Nilimkuta siku moja kwenye nyumba ya watu, mtaa wa chini, ambamo mwanamke mmoja alikuwa ameshikwa na pombe, wanaume watatu wamemzunguka Mama. Hakujua Kifaransa hata neno, lakini ile ripoti, aliyoiazima kituoni, aliishika mkononi, kidole juu ya ukurasa uleule.

“Musimufungie,” alikuwa akiwaambia, kwa sauti ya chini. “Mupeleke kwa waganga. Mimi nilifungiwa. Ninajua.”

Mmoja wao akaenda kutafuta baiskeli.