Benchi la Mama Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa, nimevaa sketi ya kanisani na viatu vya kisigino. Hakuna aliyeniambia kwamba mlezi wa watoto wadogo, barnskötare kwa Kiswidi, hushinda amepiga magoti sakafuni, na hutoka nje na watoto mvua inyeshe, theluji ianguke. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa na uji kwenye nywele na mtoto mmoja amelala juu ya kiatu changu. Nikajiambia: Furaha, umefika. Hapa ndipo utakapozeekea.

Sikuzeekea hapo. Nimestaafu nina miaka thelathini na moja. Chekeni tu, wadogo zangu, hata mimi nacheka. Lakini miaka tisa ni miaka, na nyinyi mnaosomea kazi hii hapa Stockholm nataka mjue tulivyoifanya, na mjue kwa nini niliiacha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Farsta, kusini mwa jiji. Mkuu wa shule ya awali, ambaye huku tunamwita rektor, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo na soksi za sufu. Ndiye aliyenieleza mambo yanavyokwenda. Malezi ya mtoto ni ghali, lakini sehemu kubwa inalipwa na serikali. Mzazi anatoa ada ndogo yenye kikomo. Hata awe na mshahara wa waziri, ada haipandi kupita pale. Nilipoelewa, machozi yalinilenga. Nikampigia simu kaka yangu kule Uvira, Kongo.

"Huku hata mtoto wa mfagiaji anakula chakula cha moto na kufundishwa nyimbo, na serikali inalipa!"

"Na wewe wanakulipa kwa kuimba?"

"Ndiyo, kaka."

Akakata simu. Alidhani namfanyia mzaha.

Na leo bado nasema ni jambo jema. Sina ugomvi na msaada wenyewe, nina ugomvi na sharti lililofungwa nyuma yake. Masaa ya mtoto yanafuata masaa ya mzazi. Mzazi anajaza ratiba yake, ya kazi au ya masomo, na mtoto anapata nafasi kwa muda huo. Mzazi akikosa kazi, masaa ya mtoto yanakatwa: pale kwetu alikuwa anaingia saa tatu asubuhi na kutoka saa tisa mchana, basi. Ukilisikia haraka haraka linaonekana la haki. Mimi mwenyewe nililieleza kwa wazazi miaka mingi nikitabasamu.

Rektor wa Farsta alikuwa na neno moja aliloniambia kila nilipokaa kupiga soga na wazazi mlangoni. "Furaha, sisi tunamuuliza mzazi atamchukua mtoto saa ngapi. Hatumuulizi anatoka wapi." Niliona ni ubaridi wa Wazungu. Mimi na ujuaji wangu wote sikuona kwamba yule mama alikuwa anawafunikia watu siri zao.

Mwaka wa sita nikahamishiwa Rinkeby, kwa kuwa walitaka mtu wa Kiswahili. Huko, mwaka wangu wa mwisho, nilikutana na Riziki, msichana wa miaka minne, ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili anajibu Kiswidi, na mimi akinisemesha Kiswahili ujue anataka chapati maji ya pili. Mama yake anatoka Fizi, si mbali na kwetu Uvira. Alikuwa anafagia ofisi za mjini, na kila siku alimleta mtoto saa kumi na mbili na nusu, mlango unapofunguliwa, kisha anakimbilia treni ya chini ya ardhi.

Halafu kampuni yake ikamtoa kwenye ajira ya kudumu, ikamfanya mtu wa kuitwa. Maana yake alfajiri unakaa na simu. Ikilia, unaambiwa nenda jengo fulani, uwe hapo saa moja na nusu. Ukisema siwezi mara mbili tatu, hawakupigii tena.

Sikujua hayo mpaka asubuhi moja nilipotumwa dukani kununua maziwa. Nikamkuta Mama Riziki kwenye benchi mbele ya kituo cha treni, saa nne, viatu vya kazi miguuni, mkoba mapajani, simu juu ya mkoba.

"Mama Riziki, vipi? Treni zimegoma?"

"Simu ndiyo imegoma, dada," akasema, akacheka. "Leo hawajaniita. Nimekaa karibu na treni, wakiita niruke."

"Si ungerudi nyumbani upumzike?"

"Nikivua viatu hivi, Furaha, nitalala. Na nikilala sitasikia." Kisha akashusha sauti. "Wiki hii wameniita mara mbili tu."

Nikarudi na maziwa yangu nimeumia moyo. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo Mswidi asingelifanya.

Kwetu ukitaja shida ya mtu mezani, umeanzisha mchango. Hata kanisani kwetu hapa Stockholm, huwezi kusema "fulani ana taabu" halafu watu wakaendelea kunywa chai. Mmoja atauliza anakaa wapi, mwingine atasema shemeji yangu anatafuta watu. Kwa hiyo saa ya fika, ile kahawa ya pamoja ambayo Waswidi hawaikosi hata jengo liwake moto, nikaeleza yote. Benchi, viatu, simu juu ya mkoba. Niliyaeleza vizuri, jamani, kwa mikono miwili. Nilikuwa namwombea.

Wakaendelea kunywa kahawa.

Mkuu wetu wa Rinkeby, mwanamke kijana mwenye miwani na kalamu za rangi nne, ndiye peke yake aliyeuliza kitu.

"Kwa hiyo hafanyi kazi?"

"Anangoja kuitwa kazini."

"Kungoja si kazi, Furaha."

Akaandika kidogo. Namakula, Mganda wetu wa jikoni, alinivuta kwapani hadi kwenye sinki. "Wewe mtoto, umelishwa nini? Hiyo kahawa si ya kusemea watu! Umemchongea mwenzio!"

"Nimemwombea msaada."

"Umeuomba wapi? Kwa mwenye kalamu?"

Baada ya siku chache Mama Riziki akapata barua. Alete ratiba ya kazi iliyosainiwa na mwajiri, la sivyo masaa ya mtoto yatapunguzwa. Akaja nayo shuleni, akaikunjua mbele ya mkuu wangu, nami nikiwa mkalimani.

"Ratiba gani? Ratiba yangu ni hii simu."

Nikatafsiri. Mkuu akasema anasikitika. Alisikitika kweli, nilimwona, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana masikitiko yake hayakufungua mlango hata dakika tano mapema. Masaa yakakatwa.

Nikamfuata ofisini peke yangu. Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu nipo, watoto ni wachache, nina mikono miwili. Mwache Riziki aingie.

"Na akianguka akavunjika jino nje ya muda wake, nani anajibu?"

"Mimi."

"Wewe huwezi kujibu. Huna mamlaka hayo."

Nisikilizeni basi. Msaada huu umewekwa ili mzazi aweze kufanya kazi. Huyu mzazi anatafuta kazi amevaa viatu vya kazi, nao wanamwambia: pata kazi kwanza, tutakushikia mtoto. Lakini kazi inaita alfajiri, na mlango wa mtoto unafunguliwa saa tatu! Ni nani aliyekaa akaandika hivyo, na alikuwa anamwangalia nani alipokuwa anaandika? Watu wa ratiba, waliokwisha kuajiriwa na kukalishwa, wanapewa saa zote. Anayetapatapa ndiye anayepunguziwa. Hata leo sijapata mtu wa kunieleza nikaelewa, na nimeuliza wenye shahada.

Simu ilimpata Mama Riziki nyumbani asubuhi na mtoto kitandani. Akasema siwezi. Ikalia tena wiki iliyofuata, akasema siwezi. Mara ya tatu alimbeba Riziki hadi kwenye jengo lenyewe, akamkalisha kwenye ngazi na kitabu cha picha. Msimamizi akawaona, akawarudisha. Baada ya hapo simu ikanyamaza.

Alinijia getini mchana mmoja, amekuja kumchukua mtoto.

"Ni wewe ulisema habari ya benchi."

"Ni mimi. Nilidhani watakusaidia, Mama Riziki. Haki ya Mungu nilidhani—"

"Najua ulichodhani. Miye natoka kulekule unakotoka." Alikuwa anamfunga Riziki zipu ya koti, hakuniangalia. "Lakini hukuniuliza. Benchi lilikuwa langu."

Riziki akasema kwa Kiswidi kwamba zipu imembana kidevu. Mama yake akambusu pale pale, wakaondoka.

Nikafanya kazi miezi mitano zaidi. Nilikuwa naandika saa za kuingia na kutoka kama kawaida, na kila nilipoandika niliona naandikia polisi. Nikaacha. Walinifanyia keki yenye jina langu, mkuu akasema nina moyo mkubwa na hiyo ndiyo hazina ya kazi hii. Nikamwambia moyo wangu mkubwa ulimkosesha mtu kazi, na sheria ndogo ilimalizia. Namakula peke yake alipiga makofi, ana sufuria mkononi.

Sasa mchana napika kwenye nyumba ya wazee. Ndoto yangu ninayo, msidhani imekufa: siku moja nitakuwa na nyumba ya watoto inayofunguliwa saa kumi na moja alfajiri, kuta zake za manjano, na atakayenipa kibali hicho nitamlisha chapati maji mpaka aombe kupumzika. Kwa sasa nina sebule. Ilinichukua wiki tatu kumwomba Mama Riziki akubali kuniachia mtoto, nikibisha mlango wake kama muuza sabuni. Alipokubali, alipiga simu kwa kampuni nyingine na kuwaambia yuko tayari saa yoyote.

Anamleta Riziki kwangu bado giza, mtoto anaendelea kulala kwenye kochi, na saa tatu nampeleka shule. Serikali hailipi hata kijiko cha sukari. Simu isipolia, Mama Riziki hakai tena benchini. Anakaa jikoni kwangu, viatu miguuni, anakunywa chai na kuisema vibaya chai yangu.

Haya niliyoandika nilimsomea yote kabla ya kuyatoa. Nilimuuliza kama naruhusiwa. Akasema andika, ila uongeze kwamba siku ile ya benchi alikuwa na koti jipya, la bluu, asije mtu akadhani alikuwa anaomba.

Alikuwa na koti jipya, la bluu.