Meza Niliyoiweka Mlangoni

Nikiona meza imekaa mlangoni, mwanangu, nakumbuka siku moja nikiwa mwanachuo hapa Musoma. Tulikuwa tumeanzisha ushirika wetu wa kula katika stoo moja ya mtaa wa Mukendo: kila mtu analeta alichojaliwa kwao, vyote vinapikwa pamoja. Kwa kuwa baba yangu alikuwa seremala, mimi nikapewa kazi ya kupanga chumba. Nikaweka meza mlangoni, kila aingiaye atue mzigo wake hapo. Nilijiona fundi kweli!

Jumatatu ile wa Bunda walitua mchele, wa ziwani wakatua sato wakavu, tukawashangilia. Akaja Nyamburi, msichana wa Buswahili, na kifurushi chake kidogo cha udaga, ile mihogo mikavu ya wasio na nafaka. Akaitazama meza, akageuka. Siku nne hakuja kula.

Mama Nyangeta, mpishi wetu, ndiye aliyemfuata bwenini. Alimkuta anafunga sanduku arudi kwao, chuo basi. Mama akaja kwangu amenuna.

"Wewe, hii meza uliiweka hapa ya nini?"

"Watu waone tunavyochangia, mama."

"Na mwenye haya anapitaga wapi?"

Mama yule, Mungu amrehemu, hakunisema mbele za watu. Alishika upande mmoja wa meza, nami mwingine, tukaipeleka uani. Tangu hapo mizigo aliipokea mwenyewe nyuma ya jiko, na udaga ukachanganywa na mtama. Mlangoni akaweka ndoo ya maji ya kunawa, kama mgeni anavyopokelewa nyumbani. Kisha akamfuata tena Nyamburi. Binti akanawa, akaketi, na wale wa Bunda wakausifu ugali bila kujua udaga ni wa nani. Alimaliza chuo, akafundisha shule huko Kiabakari hadi kustaafu.

Sasa ramani uliyonionyesha ya jengo la ushirika wenu wa kula wa chuo kikuu, huko Butiama, nimeipenda mno. Madirisha mapana, mabenchi ya mbao za kawaida, chakula ambacho hata mtoto wa mkulima anakimudu. Sisi hatukuwa na akili hiyo, nasema kweli. Ila meza ya mapokezi iondoeni mlangoni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye kidogo msimpitishe mbele ya macho ya mwenye kingi. Hapo wekeni maji.

Mungu akibariki chungu chenu, mwanangu, na asitokee mwenye njaa akafika mlangoni kwenu, akageuka.