Lori lilikuwa linalia nikikanyaga mafuta, "upande wa abiria" ukaniulia engine

Wakuu, salamu kutoka Kigali.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu yamenifika shingoni, na kila nitakachosema kimetokea kwangu mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa na kukulia Mwanza. Nilijisomesha kwa kubeba mizigo stendi mpaka nikapata Diploma ya mechanical engineering, tena kwa alama ambazo walimu wangu wanazitaja hadi leo. Nikarudi nyumbani bila mjomba ofisini wala mtu wa kunishika mkono. Niliuza kiwanja, nikanunua lori.

Lori hilo ndilo lililotuweka mjini. Nyumba yetu hapa mtaa wa Niboye, shule ya watoto, heshima kwa majirani, vyote vilitoka humo. Likipanda Musanze linabeba saruji, likishuka linaleta viazi kwa wafanyabiashara wa kwetu.

Mke wangu ni Msukuma. Alikubali kuhamia huku kwa sharti moja: lori likishindwa, tunarudi kwao.

Nilikubali huku nacheka. Nitashindwaje na kitu nilichokisomea?

Sasa njooni kwenye sauti.

Dereva wangu anaitwa Janvier, amekulia Bujumbura, mdomo wake haupumziki. Siku moja akarudi akasema, "Patron, gari iko nalia kama mutoto ya njaa."

Nikapanda naye. Kweli bwana. Ukikanyaga mafuta lori lina mzigo, inatoka sauti nyembamba, kali, kama panya amebanwa na mlango. Ukiachia, inakoma. Ukipiga resi limesimama, kimya kabisa.

Mimi nilikaa kiti cha abiria, na sauti ilikuwa inatoka chini ya miguu yangu.

Janvier akasema ni dizeli imetiwa maji. Nikamwambia aniachie mimi.

Nikampigia Makoye, tuliyesoma naye. Yuko Mwanza na ana lori kama langu, engine ile ile. Kusema kweli darasani nilikuwa namzidi, ila lile lori amelifungua mara nyingi.

"Inalilia wapi?"

"Upande wa abiria."

"Na ni ukiongeza mwendo tu?"

"Tu."

"Basi mwana, usihangaike. Hiyo alternator, bearing imekwisha na mkanda unateleza. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo, nikadhani kuna ndege humo ndani."

Tukainua cabin. Nikabadilisha bearing, mkanda na puli kwa mikono yangu hii, kazi safi ambayo hakuna gereji ingenifanyia.

Hapa naomba mtulie kidogo. Alternator niliikuta upande wa dereva. Niliiona. Nikajiambia chuma husafirisha sauti, jambo ambalo kila aliyesoma fizikia analijua, nikaendelea kukaza bolti.

Tukalijaribu bila mzigo hadi Kibagabaga na kurudi. Kimya!

Janvier akanipigia saluti. "Diploma ni diploma, Patron. Sasa ukuje utibu na goti ya mama mukwe yangu."

Nyumbani nilikula kama mfalme.

Safari iliyofuata tulipakia saruji, tukaianza milima ya Shyorongi. Sauti ikarudi, safari hii kubwa zaidi. Nikasema mkanda mpya bado haujazoea, twende.

Hatukufika juu.

Kilisikika kishindo kifupi, lori likaishiwa nguvu, halafu engine ikaanza kunguruma yenyewe. Moshi ukafunika barabara. Janvier akazima, akachomoa funguo akanionyesha, "Patron, nimezima! Nimezima!" Na engine ndiyo kwanza inapanda. Ilikuwa inakunywa oil yake yenyewe. Tukaweka mawe kwenye matairi, tukakaa mbali tukiisikiliza ikijiua.

Ilipokoma, hata ndege nilikuwa nawasikia.

Palepale nikampigia Makoye video call aone. Nikazungusha simu kutoka kwenye cabin mpaka kwenye engine.

"Ngoja. Ngoja, rudisha. Mbona usukani uko kushoto?"

"Huku tunapita kulia, Makoye. Umesahau?"

Akasogeza uso karibu na simu.

"Kwa hiyo abiria wako anakaa kulia?"

"Ndiyo."

"Mwana... wa kwangu anakaa kushoto. Kushoto ndiko kwenye alternator. Kulia ni turbo."

Wakuu, lori lilikuwa linalia kulia, mimi nikalitibu kushoto. Turbo, ile feni inayoisukumia engine hewa, ilikuwa inakata roho na kupiga kelele kila ikipewa kazi, ndiyo maana bila mzigo ilitulia; ilipovunjika ikamwaga oil ndani ya engine, nayo ikaichoma kama dizeli. Ujuzi wangu haukuwa na tatizo, wala wa Makoye. Kiswahili kimoja, lori moja, abiria wawili tofauti.

Sasa limeegeshwa mbele ya nyumba, piston zimeyeyuka. Janvier amepata lori la mtu mwingine, simlaumu, ana watoto. Mke wangu hajataja lile sharti. Ameanza tu kukunja mapazia ya sebuleni, moja moja, na mimi nakaa hapo hapo nikimtazama.

Somo: ukimweleza mtu ugonjwa wa gari, usiseme upande wa dereva wala wa abiria. Sema kushoto au kulia, ukiwa umekaa unatazama mbele. Hasa sisi tuliokulia ng'ambo moja na kuendesha ng'ambo nyingine. Na sauti inayotoka ukikanyaga mafuta tu, anzeni kuitafuta kwenye turbo.

Aliyewahi kufufua engine iliyokufa hivi aniambie alianzia wapi. Na kama haifufuki, niambieni wazi, nijue cha kumjibu mama watoto.

Ila tafadhali msiniandikie pole. Huku pole ni "ihangane", na Niboye nzima wameshaniambia.